Mshika Mnyororo

Naitwa Chahasi. Nimeapa kwa Biblia ya korti,
jalada lake limelegea kama mlango wa banda.
Wakili wa mdaiwa ananiuliza: mzee, shule ulifika wapi?
Nasema la nne.
Anatabasamu, anaigeukia meza ya jaji.
Basi ramani hii uliisomaje?
Sikuisoma, nasema. Niliitembea.

Mwaka wa sitini na saba, kijana wa miguu myepesi,
nilimshikia mpima mnyororo, ncha ya mbele,
kutoka barabara ya Mbale hadi chemchemi.
Pingili mia, kijiti. Pingili mia, kijiti.
Njia ya maji, akasema, futi kumi na mbili:
ng'ombe wapishane bila kugombana,
jeneza lipite na wabebaji sita.
Tukachimba, tukasimika chuma, tukamwaga saruji.
Ila kwanza, chini kabisa, niliweka kitako cha chupa ya soda,
maana mpima alisema chuma huibwa,
kioo hakina mnunuzi.

Mwaka jana jeneza la Asava tulilipitisha wima,
kama mlevi anayesindikizwa kwake.

Mwalimu Kegode hakuila njia kwa siku moja.
Ua halina haraka.
Alipanda michongoma, akawa anaipogoa upande wa ndani tu;
wa nje aliuachia Mungu.
Kisha zizi. Kisha kibanda cha mabati cha kuchajia simu.
Kisha hati yenye mhuri,
na njia, maskini, haina hata jina.

Walioshtaki ni wanawake wa ndoo:
Respa Kageha, Jendeka, wajane wawili wa kule bondeni.
Ada ya korti ilitoka kwenye mafungu ya mrenda.
Mara kumi na moja kesi imeahirishwa.
Jaji anaumwa. Jaji kahamishwa.
Faili haionekani.
Faili imeonekana, ilikuwa imekaliwa na faili nyingine.

Alhamisi korti ilikuja yenyewe, kwa miguu,
jaji mpya ndani ya gambuti za kuazima.
Tulichimba nyuma ya zizi.
Futi moja, samadi. Ya pili, udongo mwekundu.
Chuma hakuna. Saruji imevunjwavunjwa.
Halafu jembe likalia,
nami nikapiga magoti, nikapangusa kwa kidole:
kijani, duara, nilikijua
kama mtu anavyolijua kovu lake.

Respa alipiga kigelegele, akakikatiza katikati,
akakumbuka jaji.

Kegode hakulitazama shimo. Alinitazama mimi.
Sasa, akasema taratibu, pimeni kwenda upande wa pili.

Utepe ukavuka njia. Futi tatu. Futi tano.
Ukapita chini ya kamba yangu ya nguo,
ukapita migomba yangu saba,
ukaingia mlango wa choo changu
na futi ya kumi na mbili ikatua
ng'ambo ya tundu.

Hata askari alicheka.
Miaka ishirini na sita
nimechutama juu ya mali ya umma,
kila alfajiri, nikimlaani Kegode.

Karani akainua kalamu: mzee, na hili niliandike?
Wakili wetu alikohoa. Jendeka alitazama ndoo yake.
Andika, nikasema.
Chahasi, herufi saba.
Choo, futi nne na inchi mbili.

Hukumu itatolewa kwa taarifa, ndivyo walivyotwambia,
na gari lao likarudi kinyumenyume hadi barabarani,
halikupata pa kugeukia.

Sikungoja taarifa.
Jumamosi nilikwenda kwa Kegode kuazima nyundo,
ile kubwa, ya mpini mrefu.
Akanipa. Akaniuliza nitairudisha lini.
Nikamwambia:
utakapoihitaji.